Moyo Baada ya Homa

Wasikizaji na wasomaji wetu, twataka leo kuanza na jambo ambalo laweza kutokea katika kijiji chochote. Kijana wa miaka ishirini, mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi begani, ashikwa na homa na mafua. Siku tatu alala kitandani, viungo vyamuuma, chakula hakitaki. Siku ya nne homa yashuka. Siku ya kumi pana mchezo wa mpira baina ya kijiji chao na kijiji jirani, naye ndiye mfungaji wao. Aingia uwanjani ijapokuwa tangu asubuhi alisikia kifua kizito na pumzi fupi. Kabla ya mapumziko aanguka, wala hakugongwa na mtu. Wenziwe wamwinua, wakaona pumzi imekatika. Jioni ile maneno yawa mengi. Huyu asema amerogwa na wale wa upande wa pili. Huyu asema alilishwa kitu. Mwingine amlaumu mwamuzi. Ile homa ya siku kumi nyuma hapana aitajaye.

Si kila kijana aangukaye hivyo huwa ameangushwa na sababu tutakayoieleza, wala hatutaki kumtia mtu hofu kwa kila mafua. Walakini madaktari wachunguzao maiti wamekuta mara kwa mara, katika vijana waliokufa ghafula michezoni, nyama ya moyo iliyovimba kwa ndani na kuwa kama jeraha bichi, na chanzo chake kilikuwa ugonjwa ulioingia kwa pua au kwa kinywa siku chache kabla. Ugonjwa huo wa moyo madaktari huuita mayokaditisi. Sisi katika mazungumzo haya tutauita uvimbe wa nyama ya moyo, maana ndivyo ulivyo.

Kwanza tuutazame moyo wenyewe, kwa ufupi. Ukubwa wake ni kadiri ya ngumi ya mwenyewe, na uzito wake katika mtu mzima ni gramu 250 hadi 350. Una vyumba vinne, na milango myembamba inayozuia damu isirudi ilikotoka. Mtu aliyekaa kitako, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kila dakika husukuma damu lita 5 hivi. Hesabuni wenyewe, enyi wanafunzi: kwa siku moja ni lita 7,200, sawa na madebe 360 ya lita 20. Nani katika sisi awezaye kuteka madebe 360 kisimani kutwa kucha, tena kesho na kesho kutwa, pasipo kukaa chini hata mara moja? Moyo hufanya hivyo tangu tumboni mwa mama. Daktari Mwingereza William Harvey ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba damu ni ile ile, yasukumwa na moyo, yazunguka mwili, kisha yarudi.

Tena nyama hiyo haijikunji ovyo. Katika chumba cha juu cha kuumeni pana mahali padogo panapotoa umeme hafifu, na umeme huo hupita katika nyuzi zake maalumu hata ukafika kila upande. Ni kama mwimbishaji wa wapiga kasia: yeye hutoa sauti, na wote huvuta kwa pamoja. Nyuzi hizo zikiumia, wavutaji hupotewa na mwimbo, kila mmoja huvuta kwa wakati wake, na chombo hakiendi, ijapokuwa mikono yote yafanya kazi. Ndiyo maana moyo ulioumia pahali padogo tu waweza kusimama ghafula.

Sasa tuseme habari za adui. Wengi wetu tumezoea neno vijidudu, na twadhani maradhi yote huletwa na namna moja ya vijidudu. Sivyo. Vijidudu vinavyoitwa bakteria ni viumbe kamili: hula, hukua, hujigawa. Kifua kikuu na kipindupindu huletwa na hao. Lakini virusi ni kitu kingine. Kirusi hakili, hakipumui, hakikui. Ni waraka mfupi wa maagizo uliofungwa katika gamba, basi. Hakiwezi kuzaa peke yake. Sharti kiingie katika chembe hai ya mwili wa mtu, mnyama au mmea, kiushike mtambo wa chembe ile, na kuuamuru utengeneze virusi vingine mfano wake. Chembe hiyo, iliyokuwa mtumishi wa mwili, huwa kiwanda cha adui, na mara nyingi hupasuka na kufa.

Watu walijuaje kwamba viko? Kwa tumbaku. Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alitwaa maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa madoa, akayapitisha katika chujio cha kaure chenye matundu madogo mno hata bakteria hawawezi kupita. Akayapaka majani mazima maji yale yaliyochujwa, nayo yakaugua. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jambo hilo na kusema kwamba hapa pana kitu kisicho bakteria, akakiita virusi. Kuviona kwa macho kulingoja hadubini ya elektroni, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1931, maana hadubini ya kawaida haifai. Vile virusi tutakavyovitaja sasa hivi, ukivipanga mstari mmoja bega kwa bega, vitatakiwa zaidi ya 30,000 ili kutimiza milimita moja.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la New York, kando ya mto Hudson, upo mji mdogo uitwao Coxsackie. Mwaka 1947 watoto wawili wa huko walipata ugonjwa uliofanana na ule wa kupooza, yaani polio. Daktari Gilbert Dalldorf na msaidizi wake, Bibi Grace Sickles, walichukua choo cha watoto wale, wakakitia dawa na kukisafisha, wakawapiga sindano panya wachanga waliozaliwa siku chache tu. Panya wakubwa hawakudhurika, lakini wale wachanga walipooza. Mwaka 1948 walitangaza kwamba wamepata virusi vipya visivyo vya polio, na virusi vile vikapewa jina la mji ule. Wenyeji wa Coxsackie, nadhani, wangalipenda sifa nyingine.

Baadaye ilionekana kwamba virusi hivyo ni ukoo mkubwa, wenye makundi mawili, A na B, na kwamba kundi B hupenda nyama ya moyo. Habari hiyo haikutoka Marekani peke yake. Ilitoka pia katika bara letu. Katika miaka ya 1950, katika nyumba mbili za kuzalia, moja ya Johannesburg na nyingine ya Rhodesia ya Kusini, nchi iitwayo leo Zimbabwe, watoto wachanga walishikwa na ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Waliacha kunyonya, wakatweta, midomo ikageuka rangi ya samawati, mapigo ya moyo yakaenda mbio mno, na baadhi yao wakafa. Madaktari walipotafuta chanzo walikuta virusi vya Coxsackie vya kundi B. Taarifa zao zilichapwa mwaka 1955 na mwaka 1956, na tangu hapo hapana aliyeweza kusema kwamba virusi vya homa ndogo havina shughuli na moyo.

Kwa mtu mzima virusi hivyo si kitu kikubwa kwa kawaida. Hutoka katika choo na katika mate ya mwenye ugonjwa. Huingia kwa kinywa, kwa mkono usionawa au maji yasiyo safi. Huzaa kooni na tumboni. Na mwenye navyo husikia homa, koo kuwasha, pengine kuharisha, kisha hupona. Lakini katika watu wachache virusi hupita katika damu na kufika moyoni. Mwaka 1997 wataalamu waligundua kitasa ambacho virusi hivyo hukitumia kuingilia. Juu ya ngozi ya chembe pana kitu ambacho mwili umekiweka kwa kazi yake wenyewe, ya kushikamanisha chembe na jirani yake. Kirusi kina ufunguo ukitoshao kitasa hicho. Moyo unavyo vitasa hivyo, na imeonekana katika wanyama kwamba moyo wa kichanga unavyo vingi kuliko moyo wa mkubwa. Hapo twaanza kufahamu kwa nini wale panya wachanga waliugua na wakubwa wakasalimika.

Kirusi kikisha ingia hufanya nini? Ninyi wa pwani mmepata kusikia habari za mtepe, chombo cha wazee wetu kilichoundwa pasipo misumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi. Chembe ya nyama ya moyo nayo imeshonwa kwa kamba zake, na kamba moja kubwa huitwa distrofini. Hiyo huifunga nyama ya ndani na ngozi ya chembe, ili kila pigo la moyo lisiipasue. Kirusi cha Coxsackie huja na mkasi wake. Kimekusudia kukatakata mambo ya chembe ili kupata nafasi ya kuzaa, lakini mkasi huo huikata hata distrofini. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1999. Basi mtepe uliokatwa kamba, mawimbi yakiupiga mara 70 kwa dakika, hauchukui muda kuanza kuvuja.

Hayo ni madhara ya kwanza. Ya pili hutoka kwa askari wetu wenyewe. Mwili ukisha jua kwamba adui yumo, hupeleka chembe nyeupe za damu kuziua chembe zilizotekwa. Kazi hiyo ni ya lazima, maana bila askari hao virusi vingemaliza moyo mzima. Lakini askari wakiingia nyumbani kumtafuta mwizi huvunja vyombo vya mwenye nyumba pia, na mara nyingine, mwizi akisha kwenda zake, wao huendelea kuvunja. Kwa hiyo wako watu ambao virusi havionekani tena katika miili yao, na nyama ya moyo ingali imevimba. Madaktari walifikiri: je, tuwatulize askari hao kwa dawa? Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 1995, juu ya wagonjwa 111, lilionyesha kwamba kuwapa wote dawa hizo hakukuwaletea nafuu kuliko wale wasiopewa. Hata leo dawa hizo hutolewa kwa namna fulani tu za ugonjwa huu, daktari akisha pima.

Watu wengi walioguswa kidogo hupona kabisa, na wengine hawajui hata siku moja kwamba mioyo yao iliugua. Wengine moyo hupoteza mdundo, kama yule kijana wetu wa mpira. Na wengine huingia hali ya tatu: nyama iliyokufa haioti tena ikawa nyama, huota kovu, na kovu halijikunji. Moyo hulegea, hupanuka kama mfuko uliotiwa vitu kupita kiasi, na nguvu za kusukuma hupungua. Damu husongamana nyuma yake; miguu huvimba jioni, tumbo hujaa maji, mtu hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, hujiegemeza ukutani usiku kucha.

Hapa twaomba radhi kupita pembeni kidogo, maana iko habari ya China ambayo hatupendi kuiacha. Katika wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki ya nchi ile, mwaka 1935 ulionekana ugonjwa wa moyo uliowapata zaidi watoto na wanawake wa vijijini. Baadaye iligunduliwa kwamba udongo wa sehemu zile una upungufu wa madini iitwayo seleniamu, nayo mahindi na mpunga wao ukakosa. Katika miaka ya 1970 watoto walipewa vidonge vya madini hiyo, na ugonjwa ukapungua sana. Lakini upungufu peke yake haukueleza yote, maana ugonjwa ulipanda na kushuka kwa majira. Na katika wagonjwa wengine virusi vya Coxsackie vilipatikana. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitangaza jambo la ajabu: walitwaa virusi vya Coxsackie visivyodhuru moyo, wakavitia katika panya walionyimwa seleniamu, na virusi vile vikabadilika vikawa vikali. Vikisha badilika viliweza kudhuru hata mioyo ya panya walioshiba madini ile. Kwa hiyo njaa ya mtu mmoja yaweza kumnolea adui kisu ambacho kitamchoma jirani aliyeshiba.

Turudi njiani. Wako virusi wengine wasiotumia mlango ule wa Coxsackie, lakini huufikia moyo kwa njia zao. Mafua makali, yaani influenza, ndiyo yaliyozunguka ulimwengu mwaka 1918 na kuua mamilioni ya watu, Afrika ya Mashariki ikiwamo. Huyu mara chache huingia katika nyama ya moyo. Hatari yake kubwa iko katika mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Katika watu wa makamo, hasa wenye shinikizo la damu, kisukari, au wavutao tumbaku, mishipa hiyo huwa na mafuta yaliyoganda pembezoni. Mafua yakija, damu hujaa ghadhabu ya vita; mafuta yale hupasuka kama kipele, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya moyo hukosa riziki. Ndio mshtuko wa moyo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, wataalamu walichunguza watu waliopimwa wakaonekana wana influenza hakika, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba katika siku 7 za kwanza hatari ya kulazwa kwa mshtuko wa moyo ilikuwa mara 6 ya ile ya siku nyingine za watu hao hao. Na mwaka 2021 lilitangazwa jaribio lililowachanja dhidi ya mafua wagonjwa waliotoka tu katika mshtuko wa moyo: katika mwaka mmoja uliofuata, katika kila 100 waliochanjwa walikufa kama 3, na katika kila 100 wasiochanjwa walikufa kama 5.

Nazo homa za mbu? Mwaka 1952 na 1953, katika nyanda za Wamakonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo yaliyowakunja watu hata wasiweze kusimama wima. Wenyeji waliuita chikungunya kwa lugha yao, na leo ulimwengu wote hutumia neno hilo la Kimakonde. Viungo ndivyo vinavyojulikana, lakini wagonjwa wachache mioyo yao huvimba pia. Hali kadhalika dengue, ambayo imewasumbua watu wa Dar es Salaam mara kadhaa, pamoja na mwaka 2014 na mwaka 2019. Yapo mambo ya kushangaza katika dengue na homa ya manjano: kwa desturi homa ikipanda mapigo huenda mbio, lakini katika homa hizi yaonekana mara nyingine mwili wawaka na mapigo yaenda polepole. Mwuguzi mwenye kuhesabu mapigo hulitambua hilo. Asiyehesabu hapati kujua.

Virusi vya Ukimwi huudhoofisha moyo kwa njia zaidi ya moja, na kabla ya dawa za kufubaza kuenea, hospitali za Afrika ziliona wengi waliokuwa na moyo uliopanuka, au maji yaliyojaa katika mfuko unaouzunguka moyo. Maji hayo, yafaa kusema, mara nyingi huletwa na kifua kikuu kilichopata nafasi kwa sababu kinga imeanguka, nacho kina dawa yake. Na kwa kuwa tumetaja bakteria, tumtaje mwingine, asije akachanganywa na virusi. Mtoto mwenye koo linalouma na kuvimba tezi za shingo huenda ana bakteria wa koo waletao baridi yabisi ya moyo, ambayo huharibu ile milango myembamba tuliyoieleza. Huyo hutibika kwa penisilini. Virusi havisikii penisilini hata kidogo. Mama hawezi kutofautisha kwa macho, na mara nyingi hata daktari hawezi pasipo kupima.

Ugonjwa wa Korona, uliotangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, uliwadhuru wengi mioyoni kwa kuvimbisha nyama na kugandisha damu. Watu wengi wametuuliza habari za chanjo yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 imejulikana kuwa chanjo za namna fulani, zile za mRNA, huweza kuleta uvimbe wa nyama ya moyo, mara chache sana, hasa kwa vijana wa kiume katika siku chache baada ya sindano ya pili. Wengi wao walipona. Katika watu kwa jumla, ugonjwa wenyewe umevimbisha mioyo mingi kuliko chanjo. Atakaye kupima jambo aweke mizani yote miwili mezani.

Tumekiacha kirusi kimoja hata sasa kwa makusudi, maana hiki hakingoji mtu azaliwe. Mwanzoni mwa mwaka 1941, katika mji wa Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg aliona ajabu: watoto wachanga wengi waliletwa kwake wana mtoto wa jicho, jambo lisilo la kawaida kwa kichanga. Tena wengi walikuwa wadogo kuliko umri wao, na mioyo yao ilitoa sauti isiyo yake. Gregg hakuishia machoni. Aliwauliza mama zao walikuwaje wakati wa mimba, akawaandikia madaktari wenziwe, akakusanya watoto 78. Na katika hao, mama 68 walikuwa wamepata rubela mimba ikiwa changa. Rubela ni ugonjwa unaofanana kidogo na surua, lakini hafifu zaidi: vipele vya siku tatu, homa ndogo, tezi nyuma ya masikio, na mara nyingi mama hakumbuki kama aliugua. Baadhi ya wataalamu walisita kumwamini Gregg, kwa kuwa ugonjwa mdogo namna ile ungewezaje kufanya uharibifu mkubwa namna hii?

Uwezo wake unatokana na wakati. Moyo wa mtoto hujengwa katika majuma ya kwanza ya mimba, wakati ambapo mama mwingine hajajua bado kwamba ni mja mzito. Kirusi kikipita kwa mama na kuingia kwa mtoto siku hizo, mafundi hukatishwa kazi. Kasoro moja ijulikanayo sana ni hii. Mtoto akiwa tumboni hapumui, basi damu haina haja ya kwenda mapafuni. Huuruka mlango huo kwa mshipa mfupi wa mkato. Akisha zaliwa na kulia, mshipa huo hujifunga katika siku chache. Rubela huuacha wazi. Damu iliyokwisha kusafishwa hurudi mapafuni tena, moyo hufanya kazi mara mbili, na mtoto hutoka jasho anyonyapo, hakui, hukohoa mara kwa mara. Kasoro hii yaweza kufungwa. Daktari Robert Gross alimfunga mtoto mmoja mshipa huo kwa kumpasua huko Boston mwaka 1938. Leo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufungwa hata kwa kupitisha kizibo kidogo katika mshipa wa paja, pasipo kukipasua kifua. Lakini macho na masikio yaliyoharibiwa pamoja na moyo hayarudi kwa wepesi huo. Chanjo ya rubela ilianza kutumika mwaka 1969, na Tanzania iliiunganisha na ile ya surua mwaka 2014; Kenya ilifuata mwaka 2016. Mtoto wa kiume achomwapo sindano hiyo si kwa ajili yake peke yake. Ni kwa ajili ya mama mja mzito ambaye angemwambukiza.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, angejuaje? Homa ilikuwa imeshuka. Lakini mwili ulimpa habari. Baada ya mafua au kuharisha, mtu akisikia kifua chauma au kizito, au atweta kwa kazi ndogo aliyokuwa akiifanya bila shida, au moyo waruka na kukosa mdundo, au kizunguzungu na kuzimia, au miguu yavimba, aende hospitali siku ile ile, na amwambie daktari habari za ile homa, asiifiche kwa kuona ni jambo dogo. Kwa kichanga, dalili ni kukataa titi, kutweta, jasho la kichwani, na midomo kubadilika rangi. Hospitali ina mashine ya kuandika umeme wa moyo katika karatasi, ina kipimo cha damu kionyeshacho kama nyama ya moyo inavunjika, na penginepo mashine ya sauti ionyeshayo moyo ukijikunja na kujikunjua.

Mapigo yenu mwaweza kuyahesabu wenyewe. Weka vidole viwili, wala si kidole gumba, katika kifundo cha mkono chini ya gumba la mwenzio, umwambie akae kimya, uhesabu dakika nzima kwa saa. Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi wote katika somo moja.

Na kwa nini kupumzika? Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani waliwatia panya virusi vya Coxsackie, kisha baadhi yao wakawaogelesha kila siku katika maji ya uvuguvugu, na wengine wakawaacha watulie. Katika mioyo ya waogeleaji virusi vilizaana mara nyingi kupita wenzao, na vifo vikawa vingi. Ndiyo sababu madaktari, wakimwona mtu ana uvimbe wa nyama ya moyo, kwa desturi humzuia michezo na kazi nzito kwa miezi 3 hadi 6. Kwa mkulima neno hilo ni zito, hasa likimkuta mwezi wa kulima. Kaka na shemeji hawana budi kulichukua jembe lake msimu ule, naye asionekane mvivu kwa kukaa kivulini, maana ugonjwa wake hauonekani kwa nje. Miezi ikitimia apimwe tena. Umeme ukiwa sawa na nguvu za moyo zimerudi, aanze kwa kutembea hadi kisimani na kurudi mikono mitupu; kisha kwa ndoo; kisha palizi ya asubuhi. Mpira uwe wa mwisho.